Jiko dogo la umeme: Nafuu kwa nani, mzigo kwa nani?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba nyingi za kupanga jijini Dar es Salaam, jiko dogo la umeme la kuweka mezani huzusha ugomvi usiolingana na ukubwa wake. Mpangaji anayelitumia husifu usafi na wepesi wake. Jirani anayechangia naye mita moja ya LUKU hulalamika kwamba uniti zinakwisha kabla ya wakati. Mwenye nyumba naye, akihofia nyaya kuungua, huliweka katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa pamoja na pasi na hita ya maji.

Kila mmoja kati ya hao watatu ana hoja. Jiko hilo linaweza kuwa nafuu kuliko mkaa au gesi katika nyumba moja, na likawa mzigo katika nyumba ya pili iliyo mtaa huohuo. Tofauti hiyo haitokani na bahati. Inatokana na mambo matatu yanayoweza kupimwa: aina ya jiko, chakula kinachopikwa, na bei ambayo mita ya nyumba inatozwa kwa kila uniti.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo la mkakati huo ni kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Umeme ni mojawapo ya nishati hizo, na kwa mkazi wa mjini ambaye tayari ana soketi ukutani, jiko dogo ndilo hatua iliyo karibu zaidi.

Aina nne za majiko

Majiko madogo ya umeme yanayouzwa madukani ni ya aina nne, na mnunuzi anayeyachanganya huweza kujikuta na kifaa kisichomfaa.

Aina ya kwanza ni jiko la koili ya wazi. Waya wa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu husokotwa na kulazwa katika mifereji ya sahani ya udongo, kisha huwa mwekundu umeme unapopita. Ndilo rahisi kuliko yote kwa bei, na ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa waya wenye umeme uko wazi. Mchuzi ukifurika, au kijiko cha chuma kikiangukia humo, mpishi anaweza kupigwa na shoti.

Aina ya pili ni jiko la sahani, ambalo waya wake umefichwa ndani ya sahani nzito ya chuma. Lenye sahani moja kwa kawaida ni la wati 1,000 hadi 1,500, na lenye sahani mbili hufika wati 2,000 hadi 2,500. Huchelewa kupata moto, lakini pia huchelewa kupoa. Mpishi anayelijua hulizima dakika chache kabla ya chakula kuiva, akaacha moto uliobaki umalizie kazi.

Aina ya tatu ni jiko la induksheni. Hili halina sahani inayowaka. Ndani yake mna koili inayotengeneza nguvu ya sumaku inayobadilika kwa kasi, na nguvu hiyo ndiyo inayozalisha joto katika kitako cha sufuria chenyewe. Hupoteza joto kidogo kuliko jiko la sahani na huitikia mara moja linapopunguzwa. Tatizo lake kubwa kwa nyumba za hapa nchini ni kwamba sufuria za kawaida za alumini hazifanyi kazi juu yake, wala chungu cha udongo. Njia ya kupima ni rahisi: sumaku ikinata vizuri kwenye kitako cha sufuria, sufuria hiyo itafaa.

Aina ya nne ni sufuria ya umeme ya presha, maarufu kama presha kuka. Mfuniko wake hufungwa kwa kujikaza, mvuke hubanwa ndani, na joto hupanda hadi kati ya nyuzi 110 na 120 za Selsiasi badala ya kuishia nyuzi 100 ambapo maji huchemka katika sufuria ya kawaida. Ongezeko hilo ndilo linaloivisha maharage na nyama ngumu kwa muda mfupi. Aidha, kuta zake zimezuiwa kupoteza joto, hivyo presha ikishapanda umeme huingia kwa vipindi tu.

Faida zisizobishaniwa

Faida ya kwanza ni afya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Jiko la umeme halitoi moshi wala masizi. Halitoi pia hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na ambayo huua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kwa familia inayopika na kulala katika chumba kimoja, hiyo si faida ndogo.

Faida ya pili ni muda na usafi. Hakuna kupepea moto, hakuna majivu ya kuzoa, na sufuria haziwi nyeusi. Mtu anayeamka alfajiri kuwahi daladala huchemsha chai mara moja bila kusubiri mkaa ukolee.

Faida ya tatu ni udhibiti. Moto wa chini wa jiko la sahani au la induksheni hubaki palepale, jambo linalosaidia kupika uji wa mtoto, maziwa na chapati. Presha kuka hujizima yenyewe muda ukifika, na mpishi huweza kufanya kazi nyingine wakati makande yakiiva.

Hesabu ya gharama

Lawama kubwa dhidi ya jiko la umeme ni kwamba “linakula umeme”. Kauli hiyo ni ya kweli nusu. Uniti 1 ni sawa na kifaa cha wati 1,000 kufanya kazi kwa saa 1. Jiko la wati 1,500 likiwaka mfululizo kwa saa 1 hutumia uniti 1.5. Kiasi cha wati huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma ya jiko, na kila mnunuzi anapaswa kukisoma kabla ya kulipa.

Kuchemsha lita 1 ya maji kwenye jiko la sahani huchukua takriban sehemu moja ya nane ya uniti. Kuivisha nusu kilo ya maharage makavu katika sufuria ya kawaida juu ya jiko hilohilo huweza kuchukua uniti 2 hivi, kwa kuwa moto lazima uendelee kwa saa mbili au zaidi. Maharage hayohayo yakipikwa kwenye presha kuka huiva kwa takriban nusu uniti. Kwa hiyo, mapishi mafupi hayana tofauti kubwa kati ya jiko moja na jingine, lakini mapishi marefu ndiyo yanayomaliza uniti.

Ili kulinganisha na nishati nyingine, hesabu ya kukadiria ifuatayo inaweza kusaidia. Kilo 1 ya mkaa katika jiko la kawaida, ambalo sehemu kubwa ya joto lake hupotea pembeni, hufanya kazi inayokaribia ile ya uniti 2 za umeme kwenye jiko la sahani. Katika jiko la mkaa lililoboreshwa, kilo hiyo hufanya kazi ya uniti 3 hivi. Mtungi wa gesi wa kilo 6 nao hufanya kazi inayokaribia uniti 50. Mwenye nyumba akijua bei ya kilo ya mkaa na ya kujaza mtungi katika mtaa wake, na akajua anacholipa kwa uniti moja, atapata jibu lake mwenyewe.

Mtego wa uniti 75

Bei ya uniti ndiyo inayotenganisha nyumba na nyumba. Kwa viwango vilivyoidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) mwaka 2016, wateja wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) wa majumbani wenye matumizi madogo, wanaojulikana kama kundi la D1, hutozwa sh. 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Uniti inayozidi hapo hutozwa sh. 350. Wateja wa kundi la T1, ambamo wamo wakazi wengi wa mijini, hutozwa sh. 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza.

Bei hizo huongezewa Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na asilimia 1 ya EWURA. Kodi ikihesabiwa kwa asilimia 18, uniti ya sh. 100 hufika sh. 122, ile ya sh. 292 hufika sh. 356, na ile ya sh. 350 hufika sh. 427.

Mfano unaonyesha maana ya tofauti hiyo. Familia inayopika kila kitu kwenye jiko la sahani la wati 1,500, kwa jumla ya saa moja na nusu ya moto kwa siku, hutumia uniti 67.5 kwa mwezi wa siku 30. Ikiwa kuna jokofu linalotumia uniti 1 kwa siku, jumla inakuwa uniti 97.5, bila kuhesabu taa na televisheni. Kwa mteja wa D1, uniti 75 za mwanzo zitagharimu sh. 9,150. Uniti 22.5 zilizozidi, ambazo hazifiki hata theluthi moja ya zile za mwanzo, zitagharimu takriban sh. 9,600. Ziada ndogo inakuwa ghali kuliko msingi wote.

Hapo ndipo mtumiaji hushangaa kuona fedha ileile inampa uniti chache kuelekea mwisho wa mwezi, akadhani mita ni mbovu. Isitoshe, mteja ambaye wastani wa matumizi yake unazidi uniti 75 kwa mwezi huwa hana tena sifa ya kubaki katika kundi hilo la bei nafuu. Kwa mteja wa T1, kupika huko kwa uniti 67.5 kutagharimu takriban sh. 24,000 kwa mwezi.

Familia hiyohiyo ikipika maharage mara tatu kwa wiki na kuyahamishia kwenye presha kuka, itaokoa karibu uniti 20 kwa mwezi. Kiasi hicho karibu kinatosha kuirudisha kwenye mpaka wa uniti 75. Kwa maneno mengine, kwa nyumba iliyo kwenye mpaka huo, chaguo la jiko ni chaguo la bei ya umeme wote wa nyumba.

Njia ya kujua bei halisi haihitaji utaalamu. Mteja achukue risiti au ujumbe wa LUKU, agawe fedha aliyolipa kwa idadi ya uniti alizopata. Ni vyema akumbuke kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU, hivyo manunuzi yaliyokatwa kodi hiyo yataonekana ya ghali bila jiko kuwa na kosa lolote.

Wapangaji wa mita moja

Mgogoro huwa mkubwa zaidi pale vyumba vitano au sita vinapochangia mita moja na kugawana gharama kwa vichwa. Nyumba ya namna hiyo ni rahisi kuvuka uniti 75 hata bila jiko, na mpangaji mmoja akianza kupikia umeme, majirani wanaotumia mkaa humlipia sehemu ya chakula chake. Kumkataza asipike ni njia moja, lakini si ya haki wala si ya pekee.

Njia bora ni kufunga mita ndogo kwa kila chumba, ili kila mmoja alipe alichotumia. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, si na yeyote mwenye bisibisi. Pale ambapo hilo haliwezekani, mpangaji anaweza kununua kipima umeme kidogo kinachochomekwa kati ya plagi na soketi, ambacho huonyesha uniti zilizotumiwa na jiko peke yake. Takwimu iliyoandikwa mbele ya wote humaliza ubishi ambao maneno hayaumalizi.

Kasoro zake jikoni

Si kila chakula kinakubali jiko dogo la umeme. Kusonga ugali kunahitaji nguvu, na jiko jepesi lililo juu ya meza huteleza au kuinama. Inashauriwa liwekwe mahali pa chini na imara, na sufuria iwe na mishikio ya kukamatia. Presha kuka haifai kabisa kwa kazi hiyo.

Wapishi wa wali na pilau hukosa kitu kingine, yaani kupalia makaa juu ya mfuniko. Jiko la umeme hutoa moto wa chini tu, hivyo wali hauna budi kukaushwa kwa moto mdogo sana na mfuniko mzito. Mishkaki, mahindi ya kuchoma na muhogo wa kuchoma navyo hubaki kuwa kazi ya mkaa.

Sahani za jiko ni tambarare, na sufuria yenye kitako cha mviringo au kilichobonyea hugusana nazo sehemu ndogo tu. Joto hupotea, chakula huchelewa na uniti huisha. Vilevile jiko la sahani moja hulazimisha kupika chakula kimoja baada ya kingine, jambo linaloudhi familia kubwa.

Ipo pia kasoro inayotokana na umeme wenyewe. Msongo unaokusudiwa ni volti 230. Katika maeneo ambako jioni hushuka hadi volti 180, jiko la koili au la sahani hupoteza karibu asilimia 40 ya nguvu yake, na chakula cha nusu saa huchukua muda mrefu zaidi. Mtumiaji wa eneo kama hilo asilaumu jiko kabla ya kulalamika kuhusu laini.

Usalama kwanza

Hofu ya mwenye nyumba kuhusu moto ina msingi. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ya hadi ampea 13, ambayo kwa volti 230 ni takriban wati 3,000. Jiko la sahani mbili la wati 2,500 peke yake huvuta karibu ampea 11. Likichomekwa katika kebo moja ya kuongezea pamoja na birika la umeme la wati 2,000, mzigo unapita uwezo huo kwa mbali, na kebo nyembamba huanza kuyeyuka.

Mambo yafuatayo yanapaswa kuzingatiwa:

Jiko lichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Nyaya za soketi kwa kawaida ni za milimita za mraba 2.5. Zile za taa, ambazo huwa za 1.5, zisitumiwe kuungia jiko.

Plagi iwe na pini ya waya wa ardhi, na nyumba iwe na waya huo. Jiko la chuma lisilo na waya wa ardhi linaweza kupitisha umeme kwenye mwili wake.

Plagi au soketi ikiwa ya moto kuguswa baada ya dakika kumi za kupika, jiko lizimwe na fundi aitwe. Kubadilisha fyuzi kwa kipande cha waya ni kukaribisha moto.

Watoto wazuiwe. Sahani ya chuma haionyeshi dalili ya moto baada ya kuzimwa, na hubaki ikiunguza kwa dakika nyingi. Waya wa jiko usining’inie ukingoni mwa meza.

Presha kuka isijazwe kupita theluthi mbili, na kwa maharage au nafaka zinazotoa povu isipite nusu. Mfuniko usilazimishwe kufunguka kabla mvuke haujaisha, na tundu la mvuke lielekezwe mbali na uso.

Umeme unapokatika

Nchi imepitia vipindi vya mgawo wa umeme, ukiwemo wa mwaka 2006, wa mwaka 2011 na wa mwaka 2023. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme Februari 2024 na limeongeza sana uwezo wa gridi ya Taifa. Hata hivyo, nguzo ikianguka au transfoma ikiungua, mtaa hukosa umeme bila kujali bwawa lina maji kiasi gani. Nyumba inayotegemea jiko la umeme pekee hulala njaa siku hiyo, au hununua chakula cha barabarani. Kuwa na njia ya pili ya kupikia, hasa mtungi mdogo wa gesi, ni tahadhari ya lazima.

Nani anunue lipi

Mtu anayeishi peke yake, anayechemsha chai, kukaanga mayai na kupasha chakula, atatoshwa na jiko la sahani moja, na bili yake haitapanda sana. Familia inayokula maharage, makande, mbaazi au nyama ya kuchemsha mara kwa mara inapaswa kutanguliza presha kuka, kisha ibaki na gesi kwa ugali na vyakula vya kukaanga. Jiko la induksheni linamfaa aliye tayari kununua na sufuria zake. Jiko la koili ya wazi, pamoja na unafuu wake wa bei, halipaswi kuwekwa katika nyumba yenye watoto.

Kwa mteja wa D1, tahadhari kubwa iwe ni kuhesabu uniti za mwezi mzima kabla ya kuhamishia mapishi yote kwenye umeme. Aandike wastani wa uniti alizonunua kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, autoe kutoka 75, na tofauti itakayopatikana ndiyo nafasi aliyo nayo ya kupikia kwa bei nafuu.